Neno la Chatboti ni la Nani?

Februari 2024, baraza la madai madogo la jimbo la British Columbia, Kanada, lilitoa uamuzi juu ya fedha ambazo kwa shirika la ndege si kitu: dola 650 na ushei za Kanada, ukiacha riba na gharama za shauri. Abiria mmoja alikuwa amefiwa na bibi yake Novemba 2022. Akaingia kwenye tovuti ya Air Canada kutafuta tiketi, akaiuliza chatboti ya shirika kuhusu nauli ya wafiwa, nayo ikamjibu kwamba anaweza kukata tiketi kwa bei ya kawaida kisha akaomba punguzo ndani ya siku 90. Jibu lilikuwa la upole na lililonyooka, ila halikuwa kweli: utaratibu wa shirika ulikataza kuomba punguzo hilo baada ya safari. Alipodai haki yake akakataliwa. Na mbele ya baraza shirika likaleta utetezi ambao mwamuzi, Christopher Rivers, aliuona wa ajabu: kwamba halipaswi kubebeshwa yaliyosemwa na chatboti, kana kwamba chombo hicho ni mtu wa pembeni anayejibu kwa matendo yake mwenyewe. Rivers aliukataa. Chatboti ni sehemu ya tovuti, na mwenye tovuti hujibu kwa yote yaliyomo, yawe yameandikwa kwenye ukurasa au yametamkwa na mashine.

Wengi waliisoma habari hiyo, wakacheka, wakaendelea na shughuli zao. Mimi naona ndani yake limo swali zito ambalo kila mwenye duka atalazimika kulijibu, hata kama hajawahi kufungua kitabu cha falsafa: je, neno linaweza kutoka bila msemaji? Utetezi wa shirika lile haukuwa uzembe wa wakili mmoja. Ulisema kwa sauti kile ambacho wafanyabiashara wengi wanakitamani kimoyomoyo wanapoweka mashine ijibu wateja, yaani kupata faida ya maneno mengi, ya haraka na matamu, bila mzigo wa kuwa umeyasema. Hoja yangu ni kwamba jambo hilo haliwezekani, na kwamba sheria ni sehemu ndogo tu ya sababu. Biashara imesimama juu ya kauli ya mtu anayeweza kuulizwa. Mashine inaweza kupewa kazi ya maneno, lakini haiwezi kutoa neno. Kila faida ya kweli ya chatboti inapatikana pale tofauti hii inapoheshimiwa, na karibu kila balaa lake linaanzia pale inaposahauliwa.

Tuanze na kile mashine inachofanya. Chatboti za leo, tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma Novemba 30, 2022, zimejengwa juu ya programu zilizolishwa maandishi mengi mno na kufunzwa kukisia ni neno gani lifuate neno gani. Kwa njia hiyo hupatikana barua nzuri, muhtasari mzuri, hata hesabu nzuri. Lakini kukisia huko kwenyewe hakupimi kama jambo ni kweli kabla ya kulitamka, kama mtu anavyosita na kujiuliza, “Hivi nina hakika?” Mwanafalsafa wa Marekani Harry Frankfurt, katika insha aliyoichapisha mara ya kwanza mwaka 1986, alimtenganisha mwongo na mtu anayebwabwaja. Mwongo anaujua ukweli na anaukimbia, kwa hiyo bado ana habari nao. Anayebwabwaja hajali kama asemalo ni kweli au si kweli, mradi limesikika vizuri. Mwaka 2024 wanafalsafa watatu wa Chuo Kikuu cha Glasgow waliitumia tofauti hiyo kwa ChatGPT, na nadhani walilenga vyema. Chatboti iliyomwambia mfiwa habari ya siku 90, iwe ilijengwa kwa namna hii au la, haikumdanganya, maana mdanganyifu lazima kwanza ajue. Ilitoa maneno yanayofanana na jibu la karani mwema. Mfiwa naye akayapokea kama mtu anavyoipokea kauli ya karani, na akatoa fedha.

Sasa tazama kauli ni nini katika biashara zetu. Machinga wa Kariakoo anaweza kuchukua mzigo asubuhi kwa mali kauli, bila karatasi wala rehani, akauza juani siku nzima na jioni akarudisha fedha ya mwenye mali. Dalali huleta mnunuzi na muuzaji ambao hawajawahi kuonana, na wote wawili wanaegemea mdomo wake. Mama anayeuza vitenge kwa WhatsApp anaandika “mzigo halisi, haupauki,” na mteja wa Mbeya anamtumia fedha kwa simu kabla hajaugusa uzi hata mmoja. Katika mambo haya yote bidhaa ya kwanza kubadilishana mikono ni neno. Mtu aliyelitoa ameweka rehani kitu chake: jina lake, uso wake mbele ya majirani, na kwa mwenye imani, hesabu yake mbele ya Mungu. Ndiyo maana dini zetu zimeweka biashara mahali pa juu namna ile. Uislamu unamtaka muuzaji ataje kasoro ya mali yake hata kama mnunuzi hajauliza, na Biblia inailaani mizani ya udanganyifu. Hakuna hata moja inayouchukulia usemi wa sokoni kuwa sauti tupu.

Mafakihi wa Kiislamu waliliona swali la neno la kupitia kwa mwingine karne nyingi kabla ya umeme, na jibu lao lina makali kuliko mijadala mingi ya leo. Katika mlango wa uwakala, madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, yanataka wakili awe mtu ambaye mwenyewe anaweza kulifanya jambo analowakilisha. Mtoto na asiye na akili timamu hawawi mawakili katika kuuza na kununua. Lakini Imamu Nawawi, katika kitabu chake Minhaj, anaacha mlango mdogo: neno la mtoto hutegemewa anapomwambia mgeni kwamba ameruhusiwa kuingia nyumbani, na anapofikisha zawadi. Fikiria wanazuoni hawa wamekaa na kutambua kwamba mtoto hana sifa ya kufunga mkataba, lakini maisha hayaendi ikiwa kila mtoto anayesema “Baba anasema karibu ndani” atadaiwa mashahidi. Kwa hiyo wakapima uzito wa neno lenyewe. Kukaribisha na kufikisha ni mambo mepesi, mwenye nyumba yupo hapo ndani, na kosa likitokea hurekebishwa papo hapo. Bei, deni na ahadi si hivyo.

Sheria ya kidunia iliyotufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi inakutana nao kwa pembeni. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ndiyo mama wa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, inasema kwamba mbele ya watu wa nje yeyote anaweza kuwa wakala, hata mtoto. Ila asiyetimiza umri au asiye na akili timamu hawezi kuwajibika kwa yule aliyemtuma. Ukimtuma mtoto dukani kukufungia biashara, umefungwa wewe, na huna wa kumrudia. Weka chatboti mahali pa mtoto huyo na utaona jinsi utetezi wa Air Canada ulivyokuwa umepindua mambo. Shirika lilitaka kumtuma asiyeweza kuwajibika, kisha likimbilie kutowajibika kwake. Fiqhi inakataza kumtuma katika jambo zito. Sheria ya 1872 inaruhusu, kisha inamwachia aliyemtuma mzigo wote. Hakuna kati ya hizo mbili inayomwacha mteja mikono mitupu.

Nimelikazania jambo hili la uzito wa neno kwa sababu linatusaidia kuona faida za chatboti bila kuzipuuza, na faida hizo ni kubwa. Utafiti wa Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond, uliotolewa kwa mara ya kwanza 2023, uliwafuatilia wahudumu zaidi ya 5,000 wa huduma kwa wateja, ambao baadhi yao walipewa msaidizi wa akili mnemba. Katika toleo hilo la kwanza, matatizo ambayo waliopewa msaidizi waliyatatua kwa saa yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 14, na kwa wageni wa kazi asilimia 34, ilhali wakongwe hawakusogea sana. Msomaji akiishia kwenye asilimia atakosa kilicho muhimu zaidi. Mashine ile haikuzungumza na mteja. Ilimpendekezea mhudumu maneno, naye akayasoma, akayachukua au akayaacha, ndipo akasema yeye. Na ujuzi ilioueneza kwa wageni ulikuwa umechotwa kwenye mazungumzo ya wahudumu hodari wenyewe. Hapo mashine ilifikisha kile walichokijua watu, na mtu akakifanya kuwa kauli yake.

Kwa mfanyabiashara mdogo wa kwetu njia ni hiyo hiyo. Aandikiwe rasimu ya barua kwa muuzaji wa Guangzhou, apangiwe orodha ya bidhaa, afupishiwe masharti marefu ya mkopo ili ajue pa kuuliza, apewe mifano mitano ya tangazo achague moja na kuifanyia marekebisho. Usiku wa manane mteja akiuliza duka liko mtaa gani na hufungwa saa ngapi, ajibiwe na mashine; hilo ni neno la mtoto mlangoni. Hata hapo inafaa kukagua, maana programu zilizofunzwa kwa maandishi mengi ya Kiingereza zinaweza kumwandikia mteja kwamba duka hufunguliwa “saa 8 asubuhi,” naye akabaki hajui aje saa mbili au akae nyumbani hadi saa nane mchana. Kosa la namna hii linaonekana na linarekebishika. Mtu anayemkataza mama wa vitenge msaada huu kwa jina la maadili anamnyima chombo ambacho makampuni makubwa hayatangoja ruhusa kukitumia.

Balaa huanza neno linapokuwa zito na mtu ameondoka. Jiji la New York lilianzisha chatboti ya kuwashauri wenye biashara Oktoba 2023; Machi iliyofuata waandishi wa The Markup walionyesha kwamba ilikuwa ikiwaambia watu kwamba mwajiri anaweza kuchukua sehemu ya bakshishi za wafanyakazi, na kwamba duka linaweza kukataa fedha taslimu, mambo ambayo sheria inayakataza. Muulizaji wa chombo kama kile ni mwenye mgahawa aliyetaka kufuata sheria, ndiyo maana ameuliza. Yule asiyejali sheria haulizi mtu. Kwa hiyo neno lisilo na msemaji lilielekezwa kwa mwaminifu, likamsukuma avunje sheria huku dhamiri yake ikiwa imetulia. Hasara hiyo sijui itapimwa kwa fedha gani.

Mfano wa mawakili wa New York katika kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca unauma kwa namna nyingine. Juni 2023 Jaji P. Kevin Castel aliwatoza faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu ambazo hazijawahi kutolewa na mahakama yoyote. ChatGPT ilikuwa imezibuni, na ilipoulizwa kama ni za kweli ikajibu kwamba ndiyo. Saini ya mwanadamu ilikuwepo kwenye waraka, lakini nyuma yake hapakuwa na mtu aliyesoma. Hapa ndipo hoja yangu inapodai zaidi ya sheria. Haitoshi jina la mtu kuwa chini ya neno. Lazima awe amelipima, kwa kiasi ambacho akiulizwa “kwa nini umesema hivi?” ana jibu tofauti na “mashine iliniambia.”

Kuna pingamizi tatu zinazostahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza inasema: binadamu nao hukosea, tena husema uongo kwa makusudi. Karani mwenye hasira, dalali mwenye tamaa, mhudumu asiyejua kazi, hawa wamewaumiza wateja tangu biashara ianze, na huenda mashine ikakosea mara chache kuliko wao. Nakubali sehemu ya kwanza yote, na ya pili naikubali kuwa inaweza kuwa kweli katika kazi nyingi. Lakini hoja yangu haikusimama juu ya idadi ya makosa. Karani aliyekosea anaweza kuitwa, kuulizwa, kuona haya, kuomba radhi na kubadilika, na mteja anaweza kumwambia, “Wewe ndiye uliyeniambia.” Toba inahitaji mtu. Chatboti itaandika “Samahani sana kwa usumbufu” kwa sababu maneno hayo hufuata malalamiko, na dakika hiyo hiyo inaweza kumpa mteja mwingine jibu lile lile baya. Karani mmoja mbaya huwaumiza waliomfikia dirishani kwake. Jibu moja baya la mashine linaweza kuwafikia wote walioliuliza swali hilo nchi nzima, na hakuna kati yao anayejua kwamba wako wengi.

Ya pili ni ya wanasheria: kampuni italipa, kama Air Canada ilivyoamriwa kulipa, basi uzito wa neno umehifadhiwa na hatuna la kujadili. Ingekuwa hivyo kama kila aliyeumia angefika barazani. Abiria yule alikuwa na baraza la bei nafuu, muda, na picha ya mazungumzo yale aliyoihifadhi. Mteja aliyepoteza shilingi 20,000 kwa sababu chatboti ya duka ilimwambia bidhaa inarudishwa hatapanda daladala kwenda mahakamani. Atanyamaza, na atawaambia wenzake kwamba wafanyabiashara ni wale wale. Fidia hurudisha fedha kwa wachache. Imani iliyovunjika inabaki kwa wote, na atakayelipa gharama yake ni mama wa vitenge asiyekuwa na chatboti, ambaye kesho “mzigo halisi” yake haitaaminiwa.

Ya tatu ndiyo ninayoiona ngumu. Inasema mteja ameonywa: chini ya dirisha la mazungumzo pameandikwa kwamba akili mnemba inaweza kukosea, basi mwenye kuitegemea ameridhia. Hapa narudi kwa mafakihi, maana onyo la namna hii wanalijua. Muuzaji anayesema “nakuuzia, lakini sihusiki na kasoro yoyote” alijadiliwa kwa kirefu, na kauli iliyo na nguvu zaidi katika Minhaj ni kwamba sharti hilo linamsaidia katika jambo moja tu: kasoro iliyofichika ndani ya mnyama, ambayo muuzaji hakuijua. Mnyama ana maisha yake, hula na kuugua usiku bila mwenyewe kufahamu, kwa hiyo hapo muuzaji ana udhuru. Mtetezi wa chatboti ataruka na kusema: basi mashine yangu ni kama mnyama huyo, hata walioijenga hawajui itasema nini! Hilo la pili ni kweli. Lakini mteja hakununua chatboti. Alinunua tiketi, kitenge au bima, na maelezo yake yalikuwa sehemu ya mauzo. Zaidi ya hapo, udhuru ule ni wa kasoro isiyojulikana, na hii inajulikana. Onyo lenyewe chini ya dirisha ni ushahidi kwamba inajulikana. Mfanyabiashara hawezi kuandika kwamba anajua msemaji wake hubuni mambo, akaendelea kumweka mbele kwenye maswali ya bei na marejesho, kisha akaiita hiyo ridhaa ya mteja.

Kwa hiyo mpaka ninaoutetea unapita ndani ya mazungumzo yenyewe. Mteja akiuliza mahali, rangi zilizopo, jinsi ya kujaza fomu, mashine ijibu. Swali likifika kwenye bei ya mwisho, punguzo, marejesho, dhamana, dawa au deni, akabidhiwe mtu mwenye jina, na kama ni usiku aambiwe kwamba atajibiwa asubuhi. Mazungumzo yahifadhiwe, na mteja apate nakala yake bila kuiomba mara tatu. Na yale anayoyasema mteja kuhusu ugonjwa wake au madeni yake ni amana; Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya inayo yake ya 2019, na mwenye duka anayeyanakili maneno hayo na kuyabandika kwenye programu ya kampuni ya ng'ambo ili imwandikie jibu zuri anahamisha amana ya mtu bila ruhusa, hata kama nia yake ni njema.

Limebaki jambo moja ambalo linanitia wasiwasi zaidi kuliko mashine. Kampuni zikishasikia kwamba lazima awepo mtu, zitamweka mtu. Zitamkalisha kijana mbele ya skrini apitishe majibu ya chatboti, mamia kwa zamu moja, kila jibu kwa sekunde chache, na jina lake litokee chini. Siku jibu likimuumiza mteja, kijana ndiye atakayeitwa. Yeye hakupima neno kwa sababu hakupewa muda wa kulipima. Aliazimwa kwa saini yake tu, kama wale mawakili wa New York, tofauti ikiwa kwamba wao walichagua kutosoma na yeye amekatazwa kusoma kwa kasi aliyowekewa. Anayepaswa kuulizwa hapo ni aliyeipanga kasi hiyo, na mteja, mkaguzi na mahakama wanapaswa kuomba idadi ya majibu kwa saa kabla hawajauliza jina la kijana.